Mkasi Ulipita Kwenye Shaka: Kisa cha Kinjeketile wa Ujiji

Fimbo ilichongwa kutoka kwenye upongoo wa kuti la mchikichi, ikakaushwa juani siku mbili, na kazi yake ilikuwa kupiga mchanga. Ndivyo tulivyokubaliana kwenye mazoezi ya tamthilia. Mnyapara anainua, anashusha, fimbo inatua kando ya mguu wa mkulima, mpiga ngoma anatia pigo moja zito, na watu wa mbele wanafumba macho wakidhani mtu kaumia. Jioni ile, wiki tatu kabla ya onyesho, fimbo ilikuwa mkononi mwa mtu asiyepaswa kuishika. Kijana aliyeigiza Kinjeketile alikuwa amempokonya Mnyapara, akamchapa begani, mgongoni, kisha sikioni. Waimbaji hawakunyamaza. Damu ilipoanza kushuka shingoni ndipo msichana mmoja alipopiga ukelele.

Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale, daftari mkononi, na kabla sijaelewa ninachokiona niliwaza, "Hapo pamekaa vizuri." Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani kisa hiki kinaandikwa na mtu aliyekuwa pembeni.

Kikundi kilikuwa na vijana 14 wa Ujiji na Gungu, wavuvi, wauza dagaa, wawili wa bajaji, wasichana watano waliomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani. Mimi ni mtu wa Tabora niliyeletwa mwisho wa reli na kazi ya ualimu. Sanaa za maonyesho ndiyo elimu yangu, na ushauri nasaha nilijifunza baadaye kwa kozi. Daktari si mimi. Kati yetu tulikuwa na mazoea ya kuitana kwa majina ya wahusika, hata dukani, na mazoea hayo yananisaidia sasa kuficha majina ya kweli. Kijana mwenyewe nitamwita Kinje, kama wenzake walivyofupisha. Mambo mengine madogo nimeyageuza makusudi.

Tamthilia tuliyoishika ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ambayo wengi waliisoma sekondari kwa ajili ya mtihani wakaisahau kesho yake. Msingi wake ni Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wajerumani waliwalimisha watu wa kusini pamba kwa nguvu. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe akatangaza kwamba amepandwa na pepo Hongo na amepewa maji ya kugeuza risasi zisidhuru. Makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho la pembeni yakashikana. Kinjeketile wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Waliokufa, kwa risasi na zaidi kwa njaa iliyofuata, hukadiriwa kuanzia 75,000, na wapo wanahistoria wanaofika 300,000.

Hussein alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha kubuni. Na alichokibuni, kwa maoni yangu, ndicho kinachoifanya kazi ile isichakae: nabii wake ana shaka. Maneno aliyoyatamka akiwa amepandwa yanamtisha akili ikishatulia. Watu wanataka vita leo, yeye anawataka wasubiri, na anagundua kwamba neno alilolizaa limekua likamzidi kimo. Anamfungulia Kitunda, rafiki yake na jemadari wake, moyo wote.

Mazungumzo hayo niliyakata.

Waandaaji wa tamasha walitupa dakika 40, nasi tulikuwa na 58. Nilikaa na kalamu nyekundu usiku mmoja, nikatafuta pasipo na ngoma wala mbio. Watu wawili wamekaa wanaongea kwa sauti ya chini: nje. Nilipowasomea vijana sura mpya ya mchezo, Kinje alipiga makofi. "Afadhali mwalimu. Pale alikuwa anatuangusha." Neno "anatuangusha" nililisikia vizuri, nikaliacha lipite.

Kinje alikuwa na miaka 21. Mama yake, Mmanyema wa Ujiji, anauza mawese soko la Mwanga. Baba alivuka ziwa akitokea Kongo miaka ya vita, akaoa, kisha akavuka tena kufuata mzigo mtoto akiwa na miaka minne, na habari zake zikaishia hapo. Bibi mzaa mama ndiye aliyemlea, karibu na mahali ambapo Alhamisi usiku dufu lilisikika mpaka vyumbani. Twarika, vyama vya Kiislamu vya zikiri, zina mizizi mirefu Ujiji, hasa Qadiriyya, na bibi huyo ni mtu wa zikiri tangu usichana wake.

Mwaka uliotangulia mazoezi yetu Kinje alifuatilia kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kibarua kimoja cha mshahara kilikitaka. Ofisi moja, sitaitaja, ilimuuliza babu yake mzaa baba amezikwa wapi. Alinisimulia akicheka: "Nikawaambia nikimpata baba nitamuuliza." Nami nilicheka. Maswali ya namna hiyo tumeyazoea huku kiasi cha kuyafanyia utani, na kikishakuwa utani hakuna anayeuliza kama panauma.

Mnyapara wetu alikuwa Muha wa Kasulu kwa baba na kwa mama, aliyesoma na Kinje dawati moja. Kitambulisho anacho. Siku moja kwenye ubishi wa mpira alimwambia mwenzake arudi na boti ya kwao. Hilo nililijua baada ya damu.

Mambo yaliyotangulia kipigo ni haya. Kinje alianza kuja na chupa ya maji ya ziwa, ya plastiki, ya lita moja na nusu. Kabla ya mazoezi aliwanyunyizia wenzake kwa kitawi cha mwarobaini, nusu kwa mzaha. Nilifurahi. Kikundi kilichokuwa kikichelewa saa nzima sasa kilifika mapema, maana aliyechelewa hakupata maji. Baada ya wiki mzaha ukapungua, kitawi kikabaki. Kisha ikajitokeza hoja ambayo sikuwa na jibu lake, kwa sababu ilitoka ndani ya mchezo wenyewe: askari na Mnyapara hawapati maji. Kwani katika hadithi waliyapata wapi? Vijana watatu wakawa wanakaa kando huku wenzao wananyunyiziwa. Likaundwa kundi la WhatsApp, Wana wa Maji, nao hawakuingizwa. Kinje akaanza kutembea mjini na kaniki yake ya jukwaani. Salamu zikagawanyika: walionyunyiziwa walipeana mkono kwa namna yao, wasionyunyiziwa waliitikiwa kwa kidevu.

Na kulikuwa na simu. Kinje alikuwa akisikiliza sauti za mtu mmoja asiye na uso, vipande vya dakika kumi kumi vinavyorushwa kutoka simu hadi simu, vikieleza nani msafi, nani mchafu, na saa ngapi usafi utashinda. Sitasema mtu huyo alikuwa anazungumza kwa jina la dini gani. Nikisema, nusu ya wasomaji watafunga ukurasa wakijiona wamelipata jibu, na nusu nyingine watafunga kwa hasira. Nilivisikiliza vipande sita. Hakuna hata kimoja ambamo mzungumzaji anasema "huenda".

Baada ya tukio tulimpeleka Mnyapara akashonwa, na Kinje akaonwa mara mbili na muuguzi wa afya ya akili. Hakusikia sauti zisizokuwapo, alilala vizuri, alikula, alijua siku na tarehe, alijua kwamba yeye si Kinjeketile. Hilo la mwisho lilinisumbua kuliko yote. Ningefarijika kuambiwa kichwa kimevurugika. Alipoulizwa kwa nini alimpiga rafiki yake alijibu, "Alikuwa Mnyapara." Muuguzi akamuuliza, na wewe ulikuwa nani? "Mimi nilikuwa mimi."

Nimerudia jibu hilo mara nyingi. Mmoja yuko ndani ya mchezo, mwingine yuko nje, na fimbo imevuka mpaka ulio kati yao.

Katika saikolojia changanuzi, ile inayochunguza yaliyofichika ndani ya nafsi, mtu wa kwanza ninayemwendea kwa kisa hiki ni Erik Erikson, na sababu yangu ni ya kibinadamu kabla haijawa ya kitaaluma. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, mama yake Myahudi wa Denmark, baba yake mzazi hakumjua maisha yake yote. Alikulia kwa jina la baba wa kambo, Homburger, na alipopata uraia wa Marekani akajiandika Erikson, mwana wa Erik, kana kwamba amejizaa mwenyewe. Mtu huyo ndiye aliyetuachia lugha ya kuzungumzia mtafaruku wa utambulisho kwa vijana. Alitofautisha namna mbili za kuwa kitu kimoja. Ya kwanza ni kama mwili: sehemu zake ni tofauti, mipaka yake ina vinyweleo, hewa inaingia na kutoka. Ya pili ni kama boma: kilicho ndani lazima kiwe ndani chote, kilicho nje kisiingie hata kidogo. Kijana ambaye utambulisho wake umetikiswa, akikosa ule wa kwanza, huukimbilia wa pili. Anapumzika humo. Swali la babu kazikwa wapi halina mlango wa kuingilia, kwa kuwa sasa yeye ni Mwana wa Maji, na maji hayana kaburi.

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba hayamtukani kijana. Itikadi kali haionekani kama wendawazimu au ujinga. Inaonekana kama nyumba ya haraka iliyojengwa na mtu aliyenyeshewa. Udhaifu wake ni kwamba yanaweza kutufanya tusahau mvua. Swali la ofisini halikuzaliwa utotoni mwa Kinje wala katika sehemu iliyofichika ya nafsi yake. Liliulizwa kwa sauti, mchana, na mtu aliyekaa kwenye kiti. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique aliyefanya kazi Blida, Algeria, kuanzia 1953, aliligonga jambo hili mapema: huwezi kuwatibu watu waliotawaliwa kana kwamba utawala ni ndoto waliyoiota. Alipojaribu kuwaletea wagonjwa Waislamu shughuli za vikundi za mtindo wa Ulaya zilikwama, zikaanza kusogea alipoleta mkahawa wa kienyeji, sikukuu zao na msimuliaji wa hadithi wa kwao. Kinje nilimtendea kinyume kabisa. Nilimpa hadithi ya kwetu, nikaikata pale ilipokuwa na dawa.

Melanie Klein, mchanganuzi wa nafsi za watoto, ndiye anayeeleza vizuri zile salamu mbili. Katika maandishi yake ya 1946 alieleza jinsi mtoto mchanga, asiyeweza kubeba wazo kwamba mama anayemlisha ndiye huyohuyo anayemchelewesha, anavyompasua mama vipande viwili, mwema mtupu na mbaya mtupu, na ule ubaya asioutaka ndani yake akausukuma kwa mwingine. Kukua ni kuvumilia kwamba mama ni mmoja. Sote tunaweza kurudi kule tukibanwa. Kwa Kinje, yule "mtu wa kuja" ambaye alikuwa ameambiwa ni yeye ilibidi awekwe mahali, na Mnyapara alikuwa karibu. Fikiri jinsi ilivyo ajabu: Mmatumbi wa kuigiza, mtu wa kusini jukwaani, ambaye mama yake ni Mmanyema na baba ametoka ng'ambo, anamchapa Muha kama msaliti wa ardhi katika mji ambao vita hivyo havikuukaribia. Sigmund Freud, mwanzilishi wa saikolojia changanuzi, aliliona hili akalipa jina la kujipenda kwa tofauti ndogo. Wenye uhasama mkali mara nyingi ni majirani wanaokopana chumvi.

Na wale waimbaji waliokuwa wakiendelea kuimba? Hapa Freud wa 1921 ananitosha. Katika kitabu chake kidogo kuhusu saikolojia ya kundi anachukua mifano miwili, kanisa na jeshi, na kusema kwamba kila mmoja katika kundi amemweka kiongozi yuleyule mahali ambapo awali palikaa kile alichotamani kuwa yeye mwenyewe. Na kwa kuwa wote wamefanya hivyo kwa mtu mmoja, wanajikuta ndugu. Dhamiri inahamishwa. Msichana aliyepiga ukelele, kwa taarifa yako, hakuwa amenyunyiziwa siku ile. Alichelewa kwa sababu ya kupeleka mtoto kliniki.

Nakuja sasa kwenye sehemu ambayo nilidhani naijua nikakuta siijui.

Siku mbili baada ya tukio nilipanda daladala kwenda kumwona bibi. Kichwani nilikuwa na wazo lililojengwa na vitabu: huyu mtoto alilelewa kwenye zikiri, kule kupandwa kwake jukwaani kumetoka huko, basi chanzo ni huko. Na kweli kulikuwa na ushahidi. Katika sehemu ya Hongo, Kinje alitumia pumzi ya zikiri, ile inayoanzia kifuani na kukatwa, na mara ya kwanza alipoifanya nywele zilinisimama. Freud angenisindikiza kwa furaha. Mwishoni mwa 1927 rafiki yake Romain Rolland, mwandishi Mfaransa aliyekuwa akiandika juu ya Ramakrishna, mtawa wa Kihindu wa India, alimwandikia kwamba chimbuko la dini ni hisia fulani ya kutokuwa na ukingo, kama ya bahari. Freud akajibu katika kitabu kilichotoka 1930 kwamba yeye mwenyewe haioni hisia hiyo ndani yake, na kwamba huenda ni mabaki ya uchanga, wakati mtoto bado hajatofautisha nafsi yake na ziwa la mama. (Nimeandika "ziwa" bila kukusudia mchezo wa maneno, Kiswahili kimenichezea chenyewe.) Kwa maelezo hayo mtu wa zikiri ni mtu mzima aliyerudi nyuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa habari ya fimbo."

Akanipa kigoda. Akaniuliza kuhusu sikio la yule mtoto mwingine kabla ya kuuliza chochote juu ya mjukuu wake. Kisha akasema, "Mnapomaliza ule mchezo wenu, nani anamrudisha?"

Sikuelewa.

"Kwenye zikiri yupo mwenye kuongoza. Anamwona mtu kazama, anamjua kiasi chake, anashusha sauti kidogo kidogo, anafunga kwa dua. Tunakunywa kahawa, tunasemana. Mtu anarudi kwake, kesho yuko sokoni na mihogo. Nyie mkimaliza mnafanyaje?"

"Tunapeana maoni, bibi."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilirudi Mwanga kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Kwetu Unyamwezi nimekulia jirani na Waswezi, chama cha wanaopandwa na pepo, wale wa Lyangombe, na ingawa nyumbani tulikatazwa kuwakaribia, nilijua tangu utoto kwamba hakuna anayeingia Uswezi peke yake. Wapo wakubwa wanaompeleka na wanaomtoa. Fanon naye, katika kitabu chake cha mwisho cha 1961, aliandika kwamba duara la ngoma linaruhusu na linalinda kwa pamoja, na watu wakitoka humo wanarudi kijijini wakiwa wametulia. Tofauti ilikuwa mbele yangu miaka yote. Bibi anazama kila Alhamisi na hajawahi kumpiga mtu. Yule wa kwenye simu hazami popote. Anaongea kwa sauti kavu, ya mahesabu, ya mtu aliye macho kabisa. Niliyemshuku ndiye alikuwa na breki.

Mwanasaikolojia anayemwelewa bibi kuliko Freud ni Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza. Alitazama mtoto na kitambaa chake kichafu, kile asichoweza kulala bila hicho, akagundua kanuni ambayo familia nzima inaitii bila kuandikiwa: hakuna anayemuuliza mtoto, hiki umekiumba au umekikuta? Kitambaa ni vyote viwili. Katika nafasi hiyo ya katikati, anasema, ndimo tunamofanyia michezo, sanaa na dini maisha yetu yote. Maji ya Kinjeketile jukwaani yanakaa humo. Ni maji ya ziwa na ni maji ya Hongo, na hadhira haitaki uchague. Balaa linaanza mtu anapolazimisha jibu moja. Anayesema "ni maji tu, acheni upuuzi" ameua mchezo. Anayesema "ni ya kweli, na asiye nayo ni adui" ameua mchezo pia, na kesho ataua kingine.

Kinachoiweka nafasi ile wazi ni shaka. Hiki ndicho ninachotaka kukisema katika kisa hiki, na sijakisoma popote kwa namna iliyonigusa kama ilivyonigusa kwa kalamu yangu nyekundu. Hussein alimpa nabii wake mlango wa kutokea, dakika zile akiwa ameketi na Kitunda bila ngoma. Kila mwigizaji anayepanda na Hongo anapitia pale kurudi chini. Niliuziba mlango kwa sababu ya dakika 18, nikamwacha kijana wa miaka 21 juu, na juu kule tayari palikuwa na mtu wa simu anamsubiri.

Nilichofanya baadaye kilikuwa kidogo na kilichelewa. Nilirudisha sehemu iliyokatwa na kuwaambia vijana kwamba kosa lilikuwa langu. Wawili walichukia, mmoja akaondoka moja kwa moja. Kinje nilimwachia nafasi yake. Kulikuwa na shinikizo la kumfukuza, la haki kabisa, kutoka kwa mama wa Mnyapara hasa, na nilimwendea mara tatu kumwomba. Ya tatu alinipokea. Mnyapara mwenyewe alitoa sharti moja, kwamba Kinje aigize Mnyapara mara moja, na yeye aigize mkulima anayechapwa.

Sharti hilo ni la kale kuliko alivyojua. Jacob Levy Moreno, aliyeanzisha tiba kwa maigizo Vienna miaka ya 1920 na ambaye hakuwa mfuasi wa Freud hata siku moja, aliweka kubadilishana nafasi katikati ya kazi yake. Alisimulia habari ya mwigizaji aliyemwita Barbara, mpole jukwaani, mkali kwa mumewe nyumbani, ambaye alipopewa kuigiza wanawake wenye ghadhabu nyumba yake ikaanza kutulia. Kwa Kinje ilikuwa kinyume, jukwaa ndilo lililompa ghadhabu kibali, hivyo sikutarajia mengi.

Aliposhika fimbo kama Mnyapara alisimama. Mwenzake amepiga magoti mbele yake, plasta sikioni. Mpiga ngoma akatoa pigo, fimbo haikushuka. Mpiga ngoma, kwa uzembe au kwa busara, akarudia. Kinje akaiweka fimbo chini polepole, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mhusika yeyote, "Nilikuambia ile ya boti iliniuma?"

"Hukuniambia."

"Basi ndiyo nakuambia."

Tuliahirisha mazoezi siku hiyo. Sehemu ya Kitunda ilimshinda jioni tatu mfululizo. Maneno alikuwa nayo, alikwama kwenye kukaa: kila alipotakiwa kuketi chini karibu na rafiki yake alibaki wima kama nguzo. Ya nne aliketi. Tukawa pia na desturi mpya, ambayo niliiiba kwa bibi bila aibu. Baada ya kila zoezi tunakaa duara, kahawa chungu na kashata, kila mmoja anataja jina lake la nyumbani na anakwenda kufanya nini kesho. "Mimi nakwenda Kibirizi kupakia saruji." "Mimi naanika dagaa Katonga." Inachosha. Inachukua dakika 20. Siikati.

Kwenye onyesho tulitumia dakika 57, na waandaaji wakatupunguzia alama kama walivyotangaza. Kuna kitu kilitokea sikukipanga. Kinje alipomaliza kunyunyizia wapiganaji alishuka hadi upande wa askari, akawanyunyizia na wao. Kwa mantiki ya mchezo ni kosa, na mwalimu mmoja wa fasihi aliyekaa mstari wa mbele alinieleza kosa hilo kwa urefu wakati wa chakula. Nilimsikiliza.

Kitambulisho hajakipata. Hilo halitibiki kwa kahawa wala kwa Winnicott, na nimekwenda naye mara mbili kwenye dirisha lilelile kukaa foleni. Kundi la Wana wa Maji limekufa lenyewe, kama makundi mengi ya WhatsApp yanavyokufa, kwa matangazo ya vitenge. Sauti za yule mtu bado zipo kwenye simu yake. Nilimuuliza, hakuficha. Alisema anasikiliza siku nyingine, usiku, akiwa hana usingizi, na kwamba safari hii anaona pale jamaa anaporuka. "Anaporuka nini?" "Pale ambapo angekaa na Kitunda." Sijui kama alisema hivyo kunifurahisha. Anajua mwalimu wake anapenda kusikia nini.

Mwezi uliopita alipita kwangu akitokea bandarini, akakuta ile chupa bado iko dirishani, robo tatu, imeota ukijani kidogo chini. Niliitunza, sikujua kwa nini. Nilikuwa na kiu ya kumuuliza jambo kubwa nikaishia kumuuliza nifanye nini na maji yake.

Aliinua chupa akaitazama juani.

"Haya ni ya ziwa, mwalimu. Uyachemshe kwanza."